Posho ya Kesho Hubebwa Nyuma

Nakumbuka asubuhi ya kwanza ya mwezi wa Rajabu, mwanangu, nimesimama mbele ya meza ya duka la Mzee Nasoro pale Tabora mjini, nafungua fundo la kitambaa nikiwa na uhakika, tena uhakika kabisa, kwamba ndani yake mna shilingi mia na ishirini. Nilikuwa na miaka ishirini. Mzee Nasoro, mtu wa ukoo wa Waarabu waliokaa mji huu tangu enzi za misafara, alinisubiri kwa adabu. Tukahesabu pamoja. Zilikuwa thelathini na nane.

Nikahesabu tena, maana mtu mwenye kichwa kama changu huamini kwamba hela zikihesabiwa mara ya pili zitaona haya zijitokeze. Hazikujitokeza.

Nakusimulia haya kwa sababu juzi ulikuja hapa umejiinamia. Ukaniambia daktari amekupima, akasema una kitu kinachoitwa ADHD: kwamba umakini wako huruka, unaanza la pili kabla ya kumaliza la kwanza, na ukitaka kitu unakitaka sasa hivi. Ukaniambia mshahara ukiingia mwisho wa mwezi, tarehe kumi huna hata nauli, na kwenye simu una mikopo mitatu, kila mmoja umekopwa kumlipa mwenzake. Ulisema hayo kama mtu anayekiri wizi. Mimi nilikuwa nastaajabu kwamba jambo nililotembea nalo umri wangu wote lina jina, tena la herufi nne tu.

Enzi zetu halikuwa na jina. Lilikuwa na matusi. Waliniita mzembe, kichwa maji, mfuko uliotoboka, na mimi niliyapokea yote.

Mama yangu alikuwa mshonaji. Mwaka ule alipatwa na uvimbe tumboni, akapasuliwa, na kabla ya hapo alikopa shilingi mia na ishirini kwa Mzee Nasoro, akamwekea cherehani yake rehani. Sasa sikiliza ujue uzito wake. Katika mji kama wetu, mshonaji alikula mwaka mzima kwa kazi ya mwezi mmoja, yaani Ramadhani, watu wakishonesha nguo za Idi. Cherehani ikikosekana mwezi huo, mwaka mzima umekwenda. Mama alikuwa bado anatembea ameshika ukuta. Baba alikwisha fariki. Kwa hiyo deni likaangukia mabegani mwangu, na mimi nikalipokea kwa kifua mbele.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Ujamaa. Azimio limeshatangazwa, redio ya jirani inatuamsha kila siku na neno kujitegemea, na mimi nililipenda neno hilo mno. Nikaapa kwamba nitalilipa deni la mama kwa mkono wangu mwenyewe, bila kumwomba mtu hata anishikie sufuria. Nikaanza kukaanga maandazi na kuyauza stesheni, pale magari moshi ya Kigoma na ya Mwanza yanapoachana njia. Abiria wana njaa na wana haraka. Hakuna mteja mzuri kuliko huyo. Kupata, mwanangu, nilipata. Kila siku nikitoa unga, sukari na mafuta nilibakiwa na kama shilingi mbili. Miezi mitatu ya namna hiyo ingetosha kulipa deni na mboga juu yake.

Basi zilikwenda wapi? Hilo ndilo swali ambalo watu kama wewe na mimi huulizwa, na wanaouliza hudhani tunaficha jibu. Nitakuambia zilikokwenda. Nilinunua mwana mbuzi kwa sababu muuzaji alimsifia masikio. Nilimpa abiria mmoja shilingi kumi na tano aniletee mawese kutoka Kigoma, maana nilipata wazo usiku mmoja kwamba mawese yana faida kuliko maandazi; nikakesha nalo kwa furaha, na yule abiria hadi leo namsubiri. Nilinunua daftari, kwa kuwa wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nilinunua daftari tano kwa jumla. Kila moja lilikuwa na ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mwandiko mzuri sana, halafu weupe mpaka mwisho.

Na shilingi ishirini na mbili nilizifunga kwenye pindo la khanga ili ziwe salama. Jirani akaja kuazima khanga, amefiwa. Nikampa ileile. Nikakumbuka baada ya siku nne kwamba hela zangu zimekwenda matangani Urambo bila mimi, na aliporudi nayo, khanga ilikuwa imefuliwa, pindo limefunguliwa, na hakuna aliyejua ni nani kati ya wafiwa aliyefarijika.

Bandu bandu huisha gogo. Kubwa zaidi, kila hela niliyoipata niliihesabu kichwani siku ninayoipata, na sikuitoa kichwani siku ninayoitumia. Ndiyo maana nilikwenda kwa Mzee Nasoro nikiwa na mia na ishirini kamili ndani ya kichwa.

Mzee Nasoro hakupiga kelele. Aliingiza zile thelathini na nane katika daftari lake, akavua miwani.

"Binti Tatu," akasema, "mimi si mtu wa kuuza cherehani ya mama yako. Lakini nami nadaiwa. Kuna fundi wa Nzega anaitaka, ameniwekea nusu ya bei. Nimemwambia asubiri mpaka mwezi wa Ramadhani uandame. Mwezi ukionekana nawe hujamaliza, ataichukua, na mimi nitakuwa sina uso wa kukutazama."

Ilibaki shilingi themanini na mbili, na muda wa Rajabu na Shaabani.

Nilimweleza mama nikiwa nimepiga magoti. Afadhali angenipiga. Aliniinua, akasema kwa upole, "Mwanangu, ungekuwa mwizi ningejua pa kukutibia. Wewe si mwizi. Nenda kwa Bibi Nyamizi."

Bibi Nyamizi alikaa nyumba ya pili kutoka kwetu, hapo Cheyo. Alikuwa mzee kuliko wote mtaani, na heshima yake ilikuwa kubwa kupita umri wake. Kukiwa na msiba, michango ilipelekwa kwake. Kukiwa na ugomvi wa mpaka wa kiwanja, aliitwa yeye. Watu walisema kwamba katika mikono yake haijawahi kupotea hata senti tano. Nilijua ninakwenda kusemwa, na nilijua nitasemwa na mtu mwenye haki ya kusema.

Nilimkuta uani anamenya karanga, miguu ameinyoosha mbele. Miguu ile, mwanangu. Nyayo zake zilikuwa pana na ngumu, zimepasuka mistari mistari. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa ungo nimsaidie kumenya. Nikamweleza yote, hata mbuzi.

Nilipomaliza nilidhani ataanza kunisema. Akaniuliza, "Maandazi unayaunguza?"

"Mara nyingine, Bibi. Nikianza kuzungumza na mtu."

"Ukianza kufagia, unamaliza?"

"Nikiona kitu chini ya kitanda naanza kukishughulikia hicho."

"Na jambo likikupendeza, unasahau hata kula?"

"Ndiyo, Bibi."

Akacheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa khanga yake, nami nikaanza kuona uchungu, nikidhani ananidhihaki. Ndipo akasema, "Basi tuko wawili mtaa huu. Miaka yote nilidhani niko peke yangu."

Sikumwamini. Nilimwambia, kwa utovu wa adabu, kwamba yeye ndiye anayeshika michango ya msiba ya mtaa mzima, mtu wa namna hiyo hawezi kuwa na kichwa kama changu.

"Ile michango?" akasema. "Naishika kutoka hapa mpaka nyumba ya mke wa imamu, hatua sitini. Huko ndiko inakolala. Watu wananiamini kwa sababu mimi sijiamini."

Hebu fikiri: mtu unayemwona kama mlima anakuambia kwamba ndani yake mna upepo uleule unaokupeperusha wewe. Nilimtazama upya, kuanzia kilemba hadi zile nyayo, nikasahau karanga.

Akanisimulia. Kabla ya reli kufika Tabora, alipokuwa mwari aliyeolewa karibuni, mumewe alikuwa mpagazi wa kubeba pembe za ndovu kwenda pwani. Wanawake wengine waliufuata msafara, wakibeba vyungu na mikeka na kuwapikia waume zao, na yeye alikuwa mmojawapo. Bibi huyu aliyeketi mbele yangu na karanga mapajani alikwenda Bagamoyo na kurudi kwa miguu. Nilikuwa nimewasikia watu wa namna hiyo katika hadithi tu. Nikaitazama miguu yake tena, na nilitamani kuigusa.

"Tajiri wa msafara," akasema, "alitugawia posho mwanzo wa safari. Nguo kidogo na shanga za kununulia chakula njiani, za miezi. Waume wakatukabidhi sisi, maana ndio tunaopika. Mwenzangu mmoja alizifunga akazisahau mgongoni. Mimi zangu zilikuwa zinaniita. Kila kituo wenyeji wanakuja na vitu: kuku, maziwa, asali, bangili. Kufika kituo cha sita nilikuwa nimebakiwa na nusu, na nchi kavu ya Ugogo bado. Huko maji yananunuliwa, mjukuu wangu. Huko kila mtemi anataka hongo ya kupitisha msafara."

"Mume wako akakupiga?"

"Mume wangu alikonda. Alikuwa ananipa chake anasema ameshiba, kisha ananyanyua pembe anakwenda. Nilimtazama mgongoni mwake siku nzima nikitembea nyuma yake. Hicho ni kipigo ambacho sijapona hadi leo."

Akamenya karanga tatu nne. Halafu akanieleza kuhusu mwanamke mmoja mtu mzima wa kundi lao la chungu kimoja, aliyeitwa Kalunde. Kalunde alikuwa na mguu mbovu, akitembea wa mwisho katika msafara wote. Jioni moja aliuchukua mfuko wa shanga wa Nyamizi, bibi arusi wakati huo, akazimwaga kwenye mkeka, akazitunga upya. Kila kituo kilichobaki akakitungia khete yake, yaani uzi mmoja wa shanga, akafunga fundo mwishoni. Kisha akazivaa zote yeye mwenyewe.

"Akaniambia," alisema Bibi Nyamizi, "kila jioni nitakupa khete moja. Ukitaka ya kesho leo, sikukatalii, ni yako. Ila uje uifuate nilipo. Basi, wanaouza vitu vizuri wanakuwa mbele, msafara unapoingia. Kalunde yuko nyuma kabisa, mwendo wa saa nzima. Mara ya kwanza nilirudi nyuma. Nilitembea kwenye jua, naiona bangili machoni, na kabla sijamfikia nilishaisahau ni ya rangi gani. Tamaa yangu haikupenda kutembea. Ina mbio za kuku, lakini haifiki mbali."

"Na mkafika pwani?"

"Tukafika pwani na khete nne zikiwa bado shingoni mwa Kalunde. Nikaiona bahari. Mume wangu akala wali mpaka akalala amekaa."

Ninakuambia, mwanangu, nimeona mengi tangu siku ile, lakini sijawahi kushangaa kama nilivyoshangaa uani pale. Tangu nizaliwe niliambiwa nibadilike: tulia, kumbuka, jizuie. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mtu anaweza kubaki na kichwa chake kilekile akafika Bagamoyo. Kalunde hakuubadilisha moyo wa yule bibi arusi hata kidogo. Alibadilisha mahali pa kukaa shanga.

Akanionesha nyumba yake. Mlikuwa hamna senti moja ndani. Hela ya mafuta ya taa alikuwa ameshampa mwenye mafuta, ya sabuni iko kwa mwenye sabuni, ya sanda yake mwenyewe iko kwa mke wa imamu. Na ili asisahau nani ana nini, alitundika vitu kwenye kizingiti cha juu cha mlango, vikining'inia usawa wa uso: chupa tupu, kipande cha mche wa sabuni, kitambaa cheupe. Hakuweza kutoka nje bila kuvigonga.

"Kichwa kikisahau," akasema, "kipaji cha uso kitakumbushwa."

Nikamwambia kwamba mimi nilitaka kujitegemea, na hii yake si kujitegemea, ni kuwategemea watu. Nilikuwa mkaidi, usifikiri nilikuwa malaika. Akanitazama kwa jicho lililonifanya niinamishe langu.

"Tatu, mimi sijamwona mtu aliyekwenda pwani peke yake. Anayebeba pembe anategemea anayepika. Anayepika anategemea anayejua maji yalipo. Hao ndio walioijenga njia hii, na hawakuwa ombaomba. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kesho utanikuta mlangoni, twende kwa Nasoro."

Kesho yake alivaa viatu, jambo ambalo hakulifanya kila siku, akashika fimbo, tukaenda mjini mwendo wa kobe. Mzee Nasoro alitoka nyuma ya meza kumpokea, akamwekea kiti. Bibi akamwambia kwamba kuanzia leo binti huyu atapita hapa kila siku akitoka stesheni, atatoa shilingi moja na nusu, na yeye azipokee hata kama ni ndogo.

"Bibi, mimi si benki," akasema Mzee Nasoro. "Alete zikitimia."

"Zikikaa kwake hazitatimia. Unataka kulipwa au unataka kungoja?"

Mzee Nasoro akatazama dari, akavuta daftari. Bibi akamwongezea sharti jingine: nikija kuomba nirudishiwe, hata nikilia, anirudishe kwake Cheyo kwanza. Akakubali. Kutoka pale tukaenda kwa muuza unga, tukapatana naye hivyohivyo: nimlipe alasiri unga wa kesho, nisiende na mtaji nyumbani. Kwa hiyo nilipofika nyumbani nilikuwa na senti za mboga tu, basi.

Siku za kwanza nilijiona kama nimefungwa kamba. Napita sokoni naona vitu vinaniita kwa jina langu, natia mkono mfukoni, mfuko hauna jibu. Kisha, baada ya wiki hivi, nikaanza kuona kitu cha ajabu. Nilikuwa nalala vizuri. Sikuwa na hela ya kuilinda, kuihesabu wala kuikumbuka. Nilikuwa sijui kwamba kwa miaka yote uchovu wangu mkubwa haukuwa wa kazi, ulikuwa wa kukumbuka.

Usidhani sikuanguka. Siku moja, gari la Mwanza limejaa, nimeuza maandazi yote kabla ya adhuhuri, furaha ikanipanda kichwani, nikapitia njia ya nyuma isiyofika dukani. Nikarudi nyumbani na birika la bati lenye maua. Kesho yake kwa aibu sikutaka kupita tena dukani, maana nilijiambia nimeshaharibu, bora niache. Bibi Nyamizi alikuja mwenyewe, akaliona birika, akalisifia maua yake. Kisha akaniuliza, "Mpagazi akijikwaa akamwaga mzigo, msafara mzima unarudi Tabora?"

"Haurudi, Bibi."

"Basi leo unapita dukani. Usilete za jana. Za jana zimekunywa chai. Lete za leo."

Maneno hayo yaliniokoa kuliko shilingi. Sisi watu wa kichwa hiki, mwanangu, hatuangamii kwa kuanguka. Tunaangamia kwa aibu ya siku inayofuata, inayotufanya tusifungue barua, tusipokee simu ya anayetudai, tusitazame salio. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilikwenda. Nilianguka mara moja nyingine, na kesho yake nilikwenda tena.

Ikafika tarehe ishirini na tisa ya Shaabani, siku ya kuutafuta mwezi. Sikujua nimelipa kiasi gani. Nilikuwa nimeacha kuhesabu kabisa, kwa amri ya Bibi. Kazi yangu ilikuwa kupita tu. Asubuhi ile nilimwona mama amekaa mahali cherehani ilipokuwa ikikaa, ameshakata kitambaa cha watoto wa jirani kwa mkasi, anangoja. Nilikaanga, nikauza, nikaenda dukani, nikijua kule Nzega fundi wa watu ameshaandaa nusu ya bei iliyobaki.

Nikaweka shilingi moja na nusu mezani. Mzee Nasoro akaisukuma ikarudi kwangu.

"Sizitaki," akasema.

Nikajua nimechelewa.

"Limekwisha jana, binti. Ulitupa hela ukakimbia kabla sijafunga hesabu. Mimi nakuita, wewe umeshafika barabarani." Akageuka, akavuta shuka lililoifunika cherehani. Alikuwa ameipaka mafuta.

Nilikaa chini pale pale sakafuni, mwanangu, nikalia mbele ya wateja. Sikulia kwa cherehani tu. Nililia kwa sababu miguu yangu ilikuwa imelimaliza deni ambalo kichwa changu hakikujua limekwisha. Mimi, mfuko uliotoboka. Niliibeba cherehani kichwani kutoka mjini mpaka Cheyo, na sikumbuki uzito wake. Mama aliishika kama mtu anayeshika uso wa mtoto aliyetoka safari. Nguo ya kwanza aliyoshona Ramadhani ile ilikuwa gauni la Bibi Nyamizi, na bibi yule alikataa kulichukua bila kulipa. Akamtuma mama kwa mwenye sabuni, akachukue hela huko.

Sasa sikiliza ninachokutakia, na usikiandike kwenye daftari, maana nakujua.

Daktari akikupa dawa au mtu wa kuzungumza naye, mfuate, usione haya. Sisi hatukuwa na bahati hiyo. Lakini dawa haitakulipia kodi ya nyumba. Siku mshahara unapoingia, kabla hujavua viatu, ugawe: kodi iende kwa mwenye nyumba, nauli ya mwezi itoke, chakula kitoke, na benki uiamuru ikate akiba yenyewe bila kukuuliza. Akiba haiozi, ndiyo, ila ikikaa karibu na mkono wako hailali. Iweke mahali ambapo kuifuata ni safari. Dada yako ana moyo wa Kalunde. Mwombe, na mpe ruhusa ya kukuchelewesha. Hiyo mikopo ya simu, ukishailipa, ifute kwenye simu usiitazame tena, kwa sababu imekaa mbele ya msafara pamoja na wauza bangili, na wewe huna saa nzima ya kutembea kati yako nayo. Kitu kikikuita, kiambie kesho. Kikikuita na kesho, na wiki ijayo, basi huenda ni chako kweli.

Unachopaswa kukikumbuka, kitundike kikugonge. Unachodaiwa, mwambie anayekudai leo, kabla hajakutafuta, na ulipe kidogo kidogo hata akucheke. Siku utakapoanguka, maana utaanguka, usilete za jana.

Na usimruhusu mtu akuambie kwamba kujitegemea ni kubeba kila kitu peke yako. Mimi nimezeeka na kichwa kilekile. Wiki iliyopita nimeweka miwani kwenye pipa la mchele. Lakini nimesomesha watoto watano, nimejenga nyumba hii unayoingia bila kubisha hodi, na tangu Ramadhani ile sijalala hata usiku mmoja na hela yangu chini ya paa moja.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akufungulie riziki na akupe watu waaminifu wa kukushikia. Akupe wepesi wa kuanza upya kila asubuhi bila kujichukia. Na siku atakayokuja kwako kijana ameinama, amebeba aibu isiyo na jina, akujaalie ucheke mpaka ujifute macho, umwambie mko wawili. Amina.